Somo Alipokwenda Fungate Alaska

Somo yangu hakuwa akigonga mlango kwa mkono. Aligonga kwa kiwiko, maana mikono yote miwili ilikuwa na kitu: huku chupa ya uji, huku bakuli la vitumbua lililofunikwa kwa leso, na begani mkoba wenye udi, hina, mafuta ya nazi na simu isiyonyamaza. Wengi wetu tulioolewa Garland, Irving na vitongoji vingine vya Dallas tunaikumbuka sauti ya kiwiko hicho asubuhi ya kwanza ya ndoa, na sauti yake mwenyewe ikifuatia: "Amkeni! Au mmeamka mnajitia kulala?"

Miaka yake siijui, wala ukoo wake sikuwahi kuuliza. Hizo habari wanazo ndugu zake. Nilijua ni mtu wa Unguja, mjane, anaishi peke yake Garland, na kwamba kazi yake ya mshahara ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Kazi yake ya moyo ilikuwa sisi. Alimfunda msichana kabla ya kuolewa, akamsinga, akampaka hina, akampeleka kwa mumewe, halafu kwa siku saba za fungate akawa anakuja kuhakikisha maharusi wamekula, wamepumzika na hakuna anayewasumbua. Kwa siku hizo saba bibi harusi hatoki nje. Kwetu pwani jambo hilo ni jepesi, nyumba imejaa mashangazi na jikoni kuna watu. Yeye alilifanya kwenye apatimenti za chumba kimoja, zenye kuta unazosikia mtu wa pili akipiga chafya, na mabibi harusi ambao Jumatatu wanatakiwa kazini.

Kiingereza chake kilikuwa kidogo na ujasiri wake mwingi. Kuna msichana mmoja aliyefanya kazi ghalani, Garland, aliyepigiwa simu na msimamizi wake katikati ya fungate aje azibe nafasi ya mtu. Somo akamnyang'anya simu. "She is bride," akamwambia. "Seven day. Inside. Finish." Akakata. Msichana alilia akidhani kazi imekwisha, lakini haikwisha, na nasikia msimamizi yule alimletea zawadi ya harusi.

Akitufunda, alikuwa mkali kwa jambo moja kuliko yote. Yanayotokea ndani ya fungate hayasimuliwi. "Usinambie hata mie," alikuwa akisema. "Mie nakuletea uji tu. Sitaki kujua umeunywa na nani." Na mtu huyo huyo, ukimpa chai na dakika kumi, alikumwagia habari za kila nyumba ya Waswahili kutoka Fort Worth mpaka Mesquite: nani kagombana na wifi yake, nani kanunua gari asiloliweza, mtoto wa nani anajibu wazazi kwa Kiingereza. Alitufundisha kusema na waume zetu kwa sauti ya chini, kisha akiendesha gari barabara kuu alikuwa anawatukana madereva wa Texas mpaka kioo kinaingia ukungu. Nilimpenda hivyo hivyo.

Tena nilimpenda kwa choyo. Mama yangu yuko Tanga, namwona kwenye simu, na hapa aliyekuwa ananiambia nimekonda ni Somo. Kila alipopata mwari mpya, mimi nilinuna. Alikuwa ananijua. Akipita Irving, ataingia kwangu kwanza hata kama uji ni wa mtu mwingine, atanipimia kikombe, atasema, "Haya, kunywa, usije ukamtia mwenzio jicho bure."

Sababu ya kushikamana naye hivyo ni fungate yangu mwenyewe. Mume wangu anapakia mizigo uwanja wa ndege. Siku ya tatu ya ndoa yetu wakampigia kwamba watu hawatoshi, na yeye, badala ya kusema hapana, akavaa buti. "Mke wangu, ni overtime, narudi sasa hivi," akaniambia. Somo alipogonga kwa kiwiko alinikuta peke yangu kitandani na hina yangu. Hakusema neno baya juu ya mume wangu. Alivua viatu, akapanda kitandani kwa upande wa bwana harusi, tukanywa uji wote wawili tukiangalia televisheni.

Mume wangu aliporudi aliona haya, na katika kuona haya akaniahidi safari. Tulikuwa tumeona kwenye simu yake ile mianga ya kaskazini, mbingu ya kijani inayotembea juu ya theluji, na nilikuwa nimesema lahaula mara nyingi sana. "Nita-book," akasema. "Winter ijayo nakupeleka Alaska, tunaanza fungate upya." Nikamwamini. Mwaka ule nikapata mimba. Uliofuata gari likafa. Kisha mimba nyingine, kisha msiba nyumbani, na kila baridi ilipoingia akawa anasema mwakani. Mimi nikabaki na video. Nilijua mianga hiyo hutokea miezi gani, mtu asimame umbali gani na taa za mji, na nguo zivaliwe vipi, ipi chini ipi juu. Kila aliyeingia sebuleni kwangu alizionyeshwa. Somo alizionyeshwa mara nyingi kuliko wote, na kila mara alikuwa anajifunga kanga mabegani kama baridi inatoka kwenye simu.

Maana baridi alikuwa haiwezi. Agosti ya Dallas, jua linachemsha lami, yeye alikuja harusini na sweta kwa kuogopa kiyoyozi cha ukumbi. Alikuwa na vita na kila kidude cha kupunguza joto ukutani. Kwangu alikuwa akikizima kabla hajatoa salamu. Mvua ya barafu ikinyesha, hata wari wake walijiletea uji wenyewe.

Kwa hiyo aliponiambia anaolewa nilifurahi kwanza, kwa dakika chache. Mwanamume alikuwa mjane kama yeye, mtu wa Mombasa mwenye nyumba Pearland, pembeni ya Houston, anayepiga picha za eksirei kwenye hospitali moja ya huko. Walikutana kwenye harusi, yeye akisimamia biriani na mzee akilalamikia chumvi. Nilimwuliza Somo fungate atakaa wapi, nikidhani atasema Pearland, na kichwani nilishapanga nani ataniangalizia watoto nikampelekee uji. Ilikuwa zamu yangu. Nilitaka sana zamu hiyo.

"Alaska," akasema. "Kaniuliza nataka nini, nikamwambia anipeleke kuona ile mianga yako."

Mianga yako. Alisema hivyo na uso mkavu. Ndoto ile ilikuwa yangu, aliiokota kwenye sebule yangu, juu ya kochi langu, na sasa anakwenda nayo kwa mume ambaye tangu amjue hata mwaka haujaisha. Nilimwonea wivu, wivu hasa, wa kutamani mtu akose. Nikamwambia hongera.

Hakuishia hapo. "Mwanangu, si ndo wewe mtaalamu? Hebu nambie mwezi gani mzuri." Nikamwambia mwezi. Akaniuliza mji upi, nikamwambia. Akaniuliza suruali za ndani za sufu zinauzwa wapi, nikampeleka dukani mimi mwenyewe, nikasimama nje ya chumba cha kujaribia nguo nikimpokeza koti kubwa baada ya koti kubwa. Alipenda jekundu. Alilivaa kutoka dukani mpaka garini, na garini akawasha joto, na mimi nilikuwa natokwa jasho na hasira pamoja. Jioni nilipomweleza mume wangu, alisema tu, "Eh, mzee wa watu ana hela." Nikaosha vyombo kwa kelele.

Siku ya kumsinga nilikwenda Garland. Nani atamsinga msingaji? Aliwaita wari wake wote, lakini aliyemtaka mgongoni ni mimi. Alilala kifudifudi kwenye mkeka sebuleni, wenzangu wakaimba, nami nikachukua singo, unga wa liwa na maua na viungo, nikaanza kumsugua. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Nilikuwa nafikiria theluji.

"Polepole, mwanangu," akasema bila kuinua kichwa. "Huo mgongo, si sufuria."

Wenzangu wakacheka na mimi nikacheka. Machozi yalinitoka pia, nikayasingizia udi. Nilipofika mabegani nilimwuliza kwa sauti ya chini, "Somo, utaiwezaje baridi ya kule, wewe?" Akajibu, "Mie sendi kwenye baridi. Nakwenda kwa mume wangu." Nilimpaka singo mpaka masikioni.

Januari walioana, wakaondoka. Kwenye kundi letu la simu tulisubiri picha kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Katikati ya juma ikaja picha moja: miguu yake yenye hina ndani ya ndala za hoteli, na nyuma yake pazia zito lililofungwa. Basi. Wenzangu wakapeleka mioyo na maua. Mimi niliikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka ikawa madoa, nikitafuta kama pembeni ya pazia kuna kijani. Niliona kama kipo. Nikaifuta simuni, kisha nikamwomba mwenzangu anitumie tena.

Aliporudi tulimvamia. Wengine walitaka kujua ya ndoa, mimi nilitaka kujua jambo moja tu.

"Uliiona?"

Alinitazama kwa ule utulivu wake wa kunimaliza. "Nilikufundisha nini? Ya fungate yanasimuliwa?"

"Somo, mimi siulizi ya chumbani. Nauliza ya mbinguni."

"Yote ni fungate," akasema, akajitengeneza ushungi, na akaanza kupanga vyombo vyake kwenye maboksi ya kuhamia Pearland. Nilimsaidia kufunga. Vikombe nilivyonywea uji alivifunga kwenye magazeti, mimi nikashikilia gundi. Alipoondoka sikumpigia wiki nzima. Alinipigia yeye, nikapokea kwa sauti ya kuumwa, akaniuliza nina nini, nikamwambia mafua. Wenzangu walikuwa wameshaanza kusimulia, kila mmoja kwa ufundi wake, jinsi mbingu ilivyomfungukia Somo ya kijani na ya waridi mpaka akasujudu kwenye theluji. Hakuna aliyeambiwa. Waliyatunga tu, naye alisikia na hakuyakanusha. Kila yaliponifikia niliyameza kama dawa chungu.

Nilikwenda kumwona Pearland mwisho wa masika. Mume wangu alikuwa na rafiki yake Houston, akanishusha getini akaahidi kunipitia alasiri. Nyumba ni ya matofali, ina ua mdogo na mti wa ndimu. Somo alinikumbatia mpaka nikakohoa, akaninong'oneza kwamba nimekonda, akakimbilia jikoni kwenye katlesi zake. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa na mzee alikuwa sebuleni kwa fulana na kikoi, anavuja jasho kwa furaha. Alinikaribisha kwa heshima zote.

Sikuweza kujizuia. "Baba," nikamwambia, "pole na safari ya Alaska. Mianga ilikuwaje?"

Mzee hakuwahi kufundwa na mtu, hakujua kuna sheria. Akacheka mpaka akafuta macho.

"Mianga gani, mwanangu? Hatukuiona."

"Mawingu?"

"Mawingu yako wapi! Mbingu safi. Kila usiku mianga ikitoka. Ile hoteli ina desturi, ikitoka wakupigia simu chumbani uamke ukaone. Basi simu yalia, watu wapita ukumbini na mabuti wakikimbia, na mke wangu amekaa kitandani. Asema bibi harusi hatoki. Nikamwambia, mke wangu, hapa hakuna mtu atujuaye. Akaniambia, mimi nimewazuia wasichana wa watu wasitoke, leo nitoke mimi? Nikamwambia basi tufungue pazia. Tukafungua. Dirisha latazama maegesho ya magari, upande si ule." Alipangusa uso kwa kikoi. "Siku fungate ilipokwisha akavaa lile koti jekundu, suruali mbili, glovu, tukatoka. Theluji yaanguka, huoni hata mkono wako. Asubuhi yake tukapanda ndege."

Moyo wangu uliruka. Najua si vizuri, lakini uliruka kwa furaha. Hakuiona! Miezi yote ile nimejila bure. Nikauliza, kwa kutaka tu kuionja furaha zaidi, "Lakini wewe baba ulitoka, ukachungulia."

"Mimi?" Alinishangaa kweli. "Na ndiye niliyeitaka zaidi, nikwambie ukweli, tangu nije nchi hii naitamani. Lakini nitoke vipi, na bibi harusi yuko ndani? Nende wapi?" Akainua mabega. "Niliuondoa mkono wa simu isilie tena. Tukanywa chai."

Akaendelea kucheka. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi lake na ile furaha imeshakauka. Ulioingia mahali pake ni wivu mpya, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Ule wa kwanza ulikuwa wa mbingu. Mbingu iko pale pale, mtu akikata tiketi ataikuta. Huu ulikuwa wa mtu aliyeitwa na simu na hakuvaa buti.

Nilikwenda jikoni. Somo alikuwa anageuza katlesi, mgongo kwangu.

"Kakwambia," akasema.

"Kaniambia. Somo, miezi yote hii nakufa na wivu, umeshindwa kuniambia hukuiona?"

"Najua ulikuwa unakufa. Si ulinichuna ngozi?" Akapunguza moto, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa. "Skiza, mwanangu. Mie nimewapeleka watu ndani mpaka nimechoka. Nabeba uji, nafua mashuka, nacheka nao, kisha narudi Garland kwenye nyumba yangu tupu. Nani kawahi kunionea wivu mie? Hata mmoja? Wewe uliponinunia, na wale wenzako wakaanza kunitungia mbingu, nikaona raha. Raha! Ati nikwambie nilikaa ndani kama mfungwa, wivu ukuishe? Ningekuwa mjinga."

Sikujua nicheke au nimsukume. Akanitia katlesi ya moto mkononi ili nisipate la kusema, na akaniambia nisithubutu kuwaambia wenzangu.

"Siwaambii," nikasema, mdomo unaungua. "Lakini ujue sasa ndo nakuonea wivu hasa."

"Wa nini tena?"

Nikamwonyesha sebuleni kwa kidevu. Mzee alikuwa ameinama kwenye meza ndogo, anapanga vikombe vitatu, anakigeuza kila kimoja ili maua yatazame mbele. Somo alimtazama muda mrefu. Kisha akavuta ushungi, akafunika mdomo na kuona haya vile vile wanavyoona wari anapowaletea uji, na akarudia jiko lake.

Alasiri mume wangu alinipitia. Tulipita Houston yote kwa foleni nzito. Barabara ilipofunguka kuelekea kaskazini akaniuliza, "Eh, wale wazee, waliziona zile lights?"

Ningeweza kumwambia kweli. Angecheka mpaka Huntsville. Angesema, yaani watu wameruka mpaka Alaska wakafunge pazia, na tungecheka wote, na tungefika Irving kama tulivyotoka, na baridi ikija angeniambia mwakani.

"Waliziona," nikasema.

"Kweli?"

"Kila siku. Hoteli inawapigia simu, wanatoka. Yule mzee ndiye aliyekuwa anamwamsha, anamfunga koti mwenyewe, anamshika mkono. Somo anasema hakumwacha hata dakika moja."

Alizima redio iliyokuwa inaongea peke yake. Akaendesha akitazama mbele, na mashavu yake yanacheza kama anatafuna kitu kigumu.

"Yule mzee naye," akasema mwishowe, "anajionyesha sana."

Sauti ile niliijua. Nilikuwa nayo mimi tangu kabla ya Januari, dukani, kwenye mkeka, kwenye simu. Sikumpoza. Niligeukia dirishani, nikamwacha aendelee kuumia mpaka nyumbani.